Kalke ya Bomba

Mume wangu Nestor hajui kugombana, na hilo ndilo linaloniudhi. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua, na baada ya nusu saa yamekwisha. Yeye hunyamaza, huangalia chini, huanza kuchora kwa kidole juu ya goti lake. Ukimuuliza anachora nini, anasema hakuna.

Alijifunza uchoraji wa majengo Bukavu, kule Kongo, katika shule ya ufundi, kwa kalamu ya wino na karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Karatasi hizo waliziita kalke. Kuta zilichorwa kwenye kalke moja, mabomba kwenye nyingine, nyaya za umeme kwenye ya tatu. Ukizipanga moja juu ya nyingine na kuzibana kwa pini, nyumba nzima inaonekana. Ukitaka kuona mabomba peke yake, unainua zile nyingine. Vita vya 1996 vilimkuta akiwa mwaka wa mwisho, akakimbia bila diploma. Tulioana hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, na kwa miaka mingi alilima mahindi na maharage kama kila mtu, ila vibaya kuliko kila mtu.

Mwaka 2011 mpima ardhi wa Mbarara, bwana Elly Rugamba, alikuja Base Camp, katikati ya kambi yetu, kupima uwanja wa shule. Alihitaji mtu wa kumshikia fito za kupimia. Nestor alishika fito siku nzima, na jioni akamwonyesha bwana mkubwa kosa katika mchoro wake. Mwingine angefukuzwa. Elly alicheka, akamchukua ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la saruji na misumari, akamfundisha kompyuta. Kumbe ndani ya kompyuta nako kuna kalke, ila Elly anaziita leya. Unabonyeza, leya moja inabaki peke yake na nyingine zote zinapotea kwenye kioo. Unabonyeza tena, zinarudi. Nestor alinieleza hayo kwa furaha ambayo sikuiona hata siku ya harusi yetu. Siku za kazi alilala Kakoba, pale Mbarara, na kila Jumamosi alirudi na sabuni na mkate.

Mwaka 2014 likaja bomba la maji. Elly alipewa kazi ya kulichora, na Nestor ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Upande mmoja wa mtaa wetu kuna mwamba, upande mwingine kuna bwawa, kwa hiyo injinia alilipitisha bomba katikati, mahali ambapo nyumba moja tu ingevunjwa. Nyumba hiyo ilikuwa yetu. Nestor aliniambia akiwa ameangalia chini. Nililia, nikamtukana injinia na ukoo wake, kisha nikaanza kuzoea.

Jirani yetu ni Mama Sidonie, mjane wa kutoka Uvira, muuza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni Base Camp. Kati ya mlango wake na wetu ulikuwepo mstari wa migomba, basi. Siku tulipohamia mtaa huu na mtoto mgongoni bila paa, yeye ndiye aliyekata turubai lake katikati kwa kisu, akatupa nusu.

Siku moja wakaja wapiga vigingi kuonyesha njia ya bomba. Nilikuwa nimeshafunga masufuria kwenye shuka. Wakapita mbele ya mlango wangu, wakaenda ng'ambo ya migomba, wakachora alama nyekundu kwenye mlango wa Mama Sidonie. Wakamwambia ana mwezi mmoja wa kuhama. Nilimshukuru Mungu, sikufichi. Nilimpa pole jirani yangu, nikarudi ndani, nikafungua shuka langu huku nikiimba wimbo wa kanisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumamosi Nestor akarudi. Hakuvua viatu.

"Mama Gradi, niliharibu," akasema. "Bomba haiko fasi yake."

Akanieleza. Vipimo vipya vilikuwa vimeonyesha kwamba mchoro wote umekaa mita kumi na mbili kando ya mahali pake. Kazi ilikuwa ndogo: kukamata kila kitu na kukisogeza mita kumi na mbili. Asubuhi hiyo alikuwa akirekebisha nyumba, akawa ameificha kalke ya bomba isimsumbue macho. Kwenye meza ya Bukavu, karatasi zimebanwa kwa pini. Ukivuta moja zinakwenda zote, hata ile ya chini kabisa usiyoiona. Mkono wake ulikumbuka meza ile. Kompyuta haina pini. Nyumba, njia na mashamba vilisogea, bomba likabaki lilipokuwa, na sasa likaangukia kwa Mama Sidonie. Halafu akawatolea wapiga vigingi karatasi ya bomba peke yake na namba zake, kwa sababu wao nyumba haziwahusu. Hakuna mtu aliyeona nyumba na bomba pamoja mpaka Nestor mwenyewe alipozirudisha kalke zote, na vigingi vimeshapigwa.

"Utasema nini kwa shefu?" nikamuuliza.

"Nitasema kweli."

"Kweli gani? Batu batasema nini? Bomba ilikuwa inapita mu nyumba yako, weye njo mwenye kuchora, na sasa inapita mu nyumba ya mujane. Nani ataamini ni makosa?"

Kidole chake kikaanza kutembea gotini.

"Nyamaza, Papa Gradi," nikasema. "Nyamaza tu."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, si mwake. Nilikuwa nalipenda paa langu. Pia nilikuwa nasema kweli: akisema, ataitwa mwizi wa mita kumi na mbili, asiposema, ni mwizi kweli. Akirekebisha kimyakimya, karatasi ya kwanza ipo mikononi mwa watu na tarehe juu yake, wataulizana imebadilikaje. Kila upande tuliougeukia palikuwa na ukuta. Wiki tatu tuliishi hivyo. Nestor alikwenda Mbarara, akarudi, hakuleta mkate. Mimi nilianza kuchota maji kabla ya Mama Sidonie kuamka, ili nisikutane naye kisimani, nikamchukia kwa kunisalimu. Ndiyo, nilimchukia yeye, ambaye hakunikosea lolote.

Alhamisi ya wiki ya tatu Nestor alishindwa kuendelea kuficha. Alimwita Elly kwenye kompyuta, akawasha leya zote, akamwonyesha bomba linavyopita juu ya nyumba ya mjane.

"Wewe Nestor!" Elly alisema. "Kwa nini hukufungua leya zote kabla ya kusogeza? Na nyumba iliyopona ni ya nani?"

"Yangu, bosi."

Elly alivuta kiti, akakaa. "Mimi naweza kuamini wewe. Lakini mimi ni mutu moja. Rekebisha hii kitu, halafu wewe enda nyumbani. Hakuna kazi tena."

Nestor alirekebisha mpaka Ijumaa jioni, akahakikisha kila leya imewaka. Jumamosi akapanda gari la kwanza. Hakunipigia simu, alitaka Mama Sidonie asikie kutoka mdomoni mwake.

Lakini Ijumaa hiyo, saa mbili asubuhi, Mama Sidonie aliniita. Alikuwa amepanda ngazi na nyundo.

"Mama Gradi, kuya unishikiliye mabati."

"Mama, si balisema mwezi? Siku zingaliko."

"Kule Uvira tulingojaka siku yenye balisema. Tulipoteza mpaka masufuria. Miye singoje tena batu bakuye kunivunjia. Mabati nitaondoa mwenyewe, ikingali muzima."

Hivyo ndivyo tulivyo sisi tuliokimbia mara nyingi. Serikali ikisema mwezi, tunasikia kesho. Nilijua hilo, nililijua kuliko injinia yeyote, na bado sikulihesabu. Yeye aling'oa misumari, mimi nikapokea bati moja baada ya jingine, nikayapanga chini. Mara mbili nilitaka kusema, mara mbili nikauliza kama amekula. Saa tisa kuta zilikuwa zimebaki wazi, na alianza kuzibomoa ili apate miti.

Jumamosi Nestor alishuka kwenye boda akakuta uwanja mtupu na mabati kumi na nane yamepangwa vizuri. Alikaa chini palepale njiani. Mama Sidonie alimletea maji, akidhani ni jua. Ndipo Nestor akamwambia yote: kalke, mita, wiki tatu, na kwamba bomba limerudi kwetu na nyumba yake ingebaki.

Mama Sidonie alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige.

"Makosa inafanyikaka," akasema. "Kama ulikuya ile siku ya kwanza, ningekucheka, na ningekuwa na nyumba." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye jana ulinishikilia mabati."

Wiki iliyofuata nyumba yetu ikavunjwa. Nestor amerudi kwenye maharage. Mtaani wapo wanaosema alihamisha bomba kwa makusudi akashikwa, na wapo wanaosema ni mjinga aliyejivunjia nyumba. Yeye hamjibu yeyote. Mama Sidonie alijenga upya upande wa Rubondo, mbali nasi. Kila wiki naenda sokoni kununua mukene kwake, ingawa wapo wauzaji wa karibu zaidi. Hunisalimu vizuri, huniuliza watoto. Hunijazia kikombe sawasawa, hanipunji, wala haniongezei hata dagaa mmoja.