Kigoda cha Bibi na Miguu ya Mama

Daktari alimwambia mama mambo mawili: apunguze chumvi, na kila akikaa ainue miguu. Chumvi aliipunguza. Kuinua miguu kukawa vita.

Miguu ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole panabaki shimo, na kwenye kifundo cha kushoto kulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Nilikiogopa kidonda kile. Jirani yetu hapa Bigwa alianza na cha hivyo hivyo, leo anatembelea magongo.

Nilijaribu ndoo iliyopinduliwa, ikateleza. Nikajaribu kiti cha plastiki, magoti yakamuuma. Kilichobaki ni kigoda cha bibi, kifupi, kipana, kilichojazwa sufi, ambacho kimekaa juu ya kabati tangu nipate akili. Kitambaa chake kimetariziwa maua makubwa ya rangi ya matofali na majani yanayojikunja, maua ambayo hata Kinole, kunakoota kila kitu, hayapo. Bibi aliyatarizi usichanani mwake, misheni kule milimani, akifuata mchoro wa sista wa Kizungu. Sista aliporudi kwao akamwachia. Utotoni, ukikikalia ulifinywa.

Nikakishusha, nikakifuta vumbi, nikakiweka mbele ya mama.

"Kirudishe."

"Mama, hiki ni cha kuwekea miguu. Ndiyo kazi yake."

"Nikanyage mikono ya mama yangu? We mtoto una wazimu."

Siku tatu kikawa kinashuka, kinapanda. Sikio la kufa halisikii dawa: maneno hayo yalinifika mdomoni nikayameza, maana mzazi haambiwi hivyo. Siku ya nne, nilipombadilishia bandeji, nikakuta kidonda kimepanuka. Nikapandisha sauti.

"Bibi alikishona ili mtu aweke miguu! Yule sista aliweka na viatu vyake, ona, ua hili limelika. Na wala Bibi hakumzaa! Miguu aliyoizaa ni hii hapa, inaoza kwa kumwonea haya."

Mama alilitazama lile ua lililolika, akalipitishia kidole. Nikajua nimemuumiza, nikaenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Baadaye akaniita nimletee beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Akaosha miguu polepole, akikikwepa kidonda, akaikausha mpaka katikati ya vidole, kama anajiandaa kwenda kanisani. Kisha akakivuta kigoda mwenyewe.

Nilikuwa mlangoni, kikombe mkononi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema, akaweka mguu wa kushoto kwanza.

Nina miaka hamsini na mbili, na sina subira na mambo ya namna hiyo. Lakini nilisimama pale, chai ikipoa, nikingoja aitikiwe.