Namna Mama Alivyofungua Mlango

Nilipewa kuigiza mama kwa sababu sauti yangu ilikuwa haijakomaa, na shule yetu haikuwa na wasichana. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Nikipita varandani, mmoja alikuwa akisema, "Shikamoo mama, chai imebaki?" Nami nilijibu, "Imebaki ya wenye adabu," tukacheka wote. Hawakujua kwamba kujifunga leso ya mama na kuchekwa havikunitisha hata kidogo. Nilichoogopa ni mlango.

Mchezo tuliutunga wenyewe, kidato cha tatu, tukiongozwa na mwalimu wetu wa Kiswahili. Ulikuwa wa zama za mkoloni. Mama mmoja amemficha mwanawe juu ya dari, pale panapokaushiwa kuni, na askari wanakuja kumtafuta. Mama huyo hana maneno mengi. Kazi yake kubwa ni kusikia mlango ukibishwa, kisha kwenda kuufungua.

Mwalimu alikuwa na desturi yake. Kila baada ya mazoezi tulisukuma madawati ukutani, tukaketi sakafuni kwa duara, na kila mtu akaeleza alichofanya siku hiyo amekitoa wapi. Hukuruhusiwa kusema umekifikiria tu. "Ulimwona nani?" alikuwa akiuliza. "Wapi? Mikono yake ilikuwa ikifanya nini?"

Aliyeigiza askari alikuwa kijana mrefu wa Makongeni, mtaa wetu wa nyumba za reli. Baba zetu wote wawili walikuwa watu wa reli, ingawa kazi zao hazikuwakutanisha.

"Mimi nimemtoa kwa kanjo, wale askari wa baraza la jiji," alisema siku ya kwanza. "Kanjo wa kweli hafukuzi mbio wamama wa mboga. Anatembea tu. Wao ndio wanakimbia."

Mwalimu alifurahi sana. Mimi niliandika maneno hayo daftarini usiku huohuo na kuyasoma mara nyingi, kwa wivu. Sikuwa na mtu wa kunifundisha kuigiza. Nilijifunza mbele ya kipande cha kioo cha kunyolea cha baba, nikipima hata urefu wa pumzi. Jambo likiwa na kasoro ndogo sikulala.

Zamu yangu ilipofika nilidanganya.

Ukweli ni kwamba mwendo wote wa yule mama niliutoa nyumbani. Baba alikuwa mtu wa kuonyesha ishara kwenye njia za mabehewa. Walimpima macho, wakakuta kwamba kwa mbali hawezi tena kutofautisha taa nyekundu na ya kijani, kazi ikaishia hapo. Na nyumba ilikuwa ya kazi. Aliambiwa ataletewa barua ya kuhama. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, barua haikuja. Baba akatuambia tusimwambie mtu. Kila asubuhi alivaa ovaroli yake akatoka na chakula chake, na majirani wakamsalimu kama kawaida.

Tangu hapo mama alianza kuogopa mlango. Wanaotujua walipiga hodi kwa mdomo. Mkono ukibisha bila sauti, basi ni mtu wa ofisi. Mama alikuwa akinyoosha mkono kwanza na kupunguza redio, hata kama ni kipindi chake cha salamu. Kisha alipangusa kiganja pajani, mara tatu, kama anayefuta unga. Halafu aliuliza, "Nani?" kwa sauti ndogo ambayo hakuwa nayo saa nyingine yoyote, sauti ya mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani.

Nilivichukua vyote kwake. Redio haikuwako kwenye mchezo, kwa hiyo nikageuza mkono ule uwe wa kupunguza utambi wa taa. Siku niliyofanya hivyo mara ya kwanza, darasa zima liligeuka kutazama mlango. Hata askari alisahau kubisha mara ya pili.

"Hiyo umeitoa wapi?" mwalimu aliuliza kwenye duara.

"Kwa shangazi yangu wa mashambani."

Yule kijana mrefu alinigeukia. "Shangazi yako anapunguza taa namna hiyo? Mimi nimeona kama anapunguza redio."

Wenzetu walicheka. Nami nilicheka nao. Kijana huyo alikuwa amefika kwetu mara moja kurudisha kitabu changu, akabisha kwa mkono bila kupiga hodi. Sikujua aliona nini siku hiyo. Nikawaza: akimwambia baba yake namna mama yangu anavyofungua mlango, baba yake atauliza kwa nini, na swali hilo likifika ofisini, barua itakumbukwa.

Kesho yake nilibadilisha. Mlango ulipobishwa nilishika kifua kwa mikono miwili na kutoa macho, kama nilivyoona kwenye picha za sinema. Mwalimu alisimamisha mazoezi.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Mimi simjui. Nirudishie yule wa jana."

Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli. Ningeweza kukataa. Ningeweza kuomba nipewe kuwa mtoto wa darini, ambaye hasemi lolote na haonekani. Lakini kwenye mizani ya hofu zangu, hofu ya kuigiza vibaya ilikuwa nzito kuliko hofu ya kumwanika mama. Nilimrudisha yule wa jana. Na kila siku nilimfanya bora zaidi. Jioni nikiwa nyumbani nilikaa nikitamani mtu abishe, ili nione kama vidole vilikunjwa au vilinyooka. Mama alihangaika mlangoni, nami nilikuwa nikihesabu.

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa mtaa. Sikumwalika mama. Lakini leso niliyojifunga ilikuwa yake, akasema anataka kuona inaenda kufanya nini huko. Nilipochungulia nyuma ya pazia nilimwona benchi la tatu, kati ya majirani wawili, amevaa nguo yake ya kanisani. Nilimwambia yule kijana mrefu kwamba siwezi kutoka.

"Toka tu," alisema, akivaa kofia yake ya askari. "Mimi nitabisha pole pole."

Alibisha pole pole. Ikawa mbaya zaidi, maana watu wa ofisi ndivyo wanavyobisha.

Mkono wangu ulikwenda kwenye taa. Kiganja kikapita pajani, mara moja, mara mbili, mara tatu. Wanawake wa benchi la mbele walianza kucheka, kisha wakaacha. "Nani?" nikauliza, na sauti ilikuwa yenyewe kabisa, sikuwahi kuipata vizuri namna hiyo. Nikatazama benchi la tatu. Mama alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, ameubana mapajani, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbie barabarani.

Tulipigiwa makofi mengi. Mwalimu alinishika bega. Njiani mama alizungumza na majirani habari za bei ya sukari. Tulipofika nyumbani aliikunja leso yake akasema, "Umevuta pindo mpaka limefumuka."

Jumanne iliyofuata, saa kumi hivi, mlango ulibishwa. Hakuna hodi. Redio ilikuwa ikisoma salamu. Mama aliunyoosha mkono kuelekea redio, kisha akaniona nimekaa na daftari langu. Mkono ulibaki hewani. Akaurudisha, akaendelea kuchambua sukuma wiki.

"Fungua wewe," alisema.

Nilisimama. Kabla sijagusa komeo nilihisi kiganja changu mwenyewe kikipita kwenye suruali, na sikuwa ninaigiza. Nje alisimama mwanamume mwenye faili kwapani. Aliuliza kama baba yupo.

"Hayupo," nilisema.

Nyuma yangu mama aliongea, kwa sauti pana, ya kawaida, ile ya kumwita mtu kutoka upande wa pili wa uwanja. "Usimwache mgeni nje. Mkaribishe aketi, baba yako anarudi sasa hivi."

Yule mtu aliingia, akaketi, akasubiri. Redio iliendelea kwa nguvu ileile, salamu baada ya salamu, na mama hakuigusa. Baba alipofika na ovaroli yake, alipewa barua mbele yetu, akaisogeza mbali na macho ili aisome. Tulihama mwisho wa mwezi huo.

Lakini jioni ya Jumanne hiyo, baba na mama wakiwa wanazungumza kwa sauti ya chini upande wa pili wa pazia, nilifungua daftari. Nilijua kwamba sipaswi. Niliandika kwamba mama hakupunguza redio, kwamba hakupangusa kiganja, kwamba hakuacha kuchambua mboga. Kisha nikaandika ile sauti yake pana, kadiri nilivyoweza, nikaifuta, nikaiandika tena.