Goli la Mgeni

Miaka ile ya vita nilikuwa na duka Pinga, duka la chumvi, sabuni, betri na mapanga, na nilikuwa pia katibu wa ligi ya mpira. Ukatibu huo hakuna aliyenipigia kura. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na daftari lisilolowa mvua, na kwa kubisha niliwashinda wote, basi kazi ikawa yangu. Kwetu ni upande wa Butembo, na watu wa kwetu tunasifiwa kwa biashara na kwa kichwa kigumu. Sifa ya pili niliistahili zaidi.

Swali lililonikosesha raha halikuwa timu gani ni bora. Hilo kila mtu analibishania. Mimi nilitaka kujua ligi gani ni bora. Juu kabisa kulikuwa na ligi ya taifa, ambayo tuliisikia redioni betri zikiwepo. Chini yake kulikuwa na ligi za Goma, ambazo wachache wetu walikuwa wameziona kwa macho. Chini ya hapo ndipo tulipokuwa sisi: Masisi, Mpofi, Pinga, Buleusa, kila mahali na timu zake tano au sita na moja teule ya kupambana na vijiji vingine, viwanja vyenye mteremko, milingoti ya mianzi, na wachezaji wanaolipwa kipande cha sabuni na mkungu wa ndizi. Mtu wa Goma angetutia wote kapu moja. Mimi nilikataa kutiwa kapuni. Nilitaka ijulikane kwamba katika ligi hizi za chini, ya Pinga ndiyo iliyokuwa juu.

Nilikuwa na njia yangu ya kupima. Nilifuata wachezaji waliohama. Mshambuliaji aliyefunga mabao kumi Mpofi, akija Pinga akafunga manne, basi nilitangaza kwamba goli la Mpofi halifiki nusu ya goli la Pinga. Nilieleza hayo mbele ya duka, watu wakatikisa vichwa, nami nikajiona profesa. Sikuandika daftarini kwamba yule mshambuliaji hakuhama, alikimbia. Alifika na godoro kichwani na watoto wawili nyuma, akalala katika darasa la shule ya msingi, akawa anakula mara moja kwa siku. Mimi nikamlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka uliotangulia, alipokuwa na shamba na ugali wa kushiba. Leo nikiikumbuka hesabu ile naona haya hadi masikioni. Wakati ule niliionea fahari.

Sasa lazima nieleze desturi ya Buleusa, kwa sababu kosa langu lote liko hapo. Vita vilipozikata barabara, na kila kijiji kikawa na wenye bunduki wake, kwenda kucheza kwa watu kulikuwa jambo la kuogopesha. Timu ilitembea msituni tangu alfajiri, ikapita vizuizi, na ilipofika ikatazamwa kwa jicho baya. Wazee wa Buleusa wakakaa na katekista wao, wakapatana kwamba mgeni hawezi kurudi kwao mikono mitupu. Wenyeji watampa goli moja, mapema, kama unavyompa mgeni maji ya kunawa kabla hujamuuliza shida yake. Baada ya hapo mechi ianze kweli, na mwenye nguvu ashinde. Aliyefungwa manne kwa moja alirudi kwao akisema, "Na sisi tuliwaingiza," na njia ikabaki wazi. Wanawake waliendelea kwenda sokoni katika kijiji cha wenzao, na hilo ndilo wazee walilolitaka.

Ila goli hilo halikutolewa waziwazi. Goli la wazi ni tusi, afadhali umnyime mgeni kiti. Kwa hiyo kazi yote ilimwangukia golikipa. Buleusa walikuwa na golikipa mmoja, kijana mrefu wa miaka ishirini na kidogo, mwana wa kiume pekee wa mama mmoja mkulima wa mihogo, na yeye alijua kufungwa kwa ustadi ambao sijauona tena. Aliruka kwa nguvu zake zote, akanyoosha mkono, na mpira ukapita karibu kabisa na vidole vyake. Wageni walirukaruka kwa furaha bila shaka yoyote moyoni. Kisha alisimama, akajipangusa matope, na kuanzia hapo hata nzi hakupita.

Mimi desturi hiyo niliijua. Naomba hilo lieleweke tangu sasa. Nilikwenda Buleusa na timu yetu mara tatu, nikala kuku na wazee wao, na mzee mmoja akanieleza jambo lote huku akicheka na kunipiga begani. Pinga sisi hatukuwa na adabu hiyo. Pinga kuna soko kubwa, kuna wanajeshi waliokuja kutazama mechi, na tulijiona watu wa mjini. Golikipa wetu alizuia kila alichoweza kuzuia.

Mwishoni mwa kiangazi kimoja akafika kocha kutoka Goma, nyuma ya pikipiki, na vumbi hadi kwenye nyusi. Timu yake ilikuwa ya daraja la pili, na ilikuwa na nafasi moja ya golikipa. Atakayechukuliwa angepewa chumba, chakula, na kazi ya kulinda depo mjini. Kocha aliwaita makipa wawili kiwanjani kwetu, wa Pinga na wa Buleusa, akawapigia mipira asubuhi nzima. Wote wawili wakampendeza. Alitaka kuwaona katika mechi, lakini zikaja habari kwamba barabara itafungwa, na dereva wake akaanza kuwasha pikipiki.

"Papa secrétaire, miye siwezi kungoja," aliniambia. "Weye njo unajua hizi ligi. Uniandikie rapport. Ya Pinga na ya Buleusa, gani iko na nguvu, na kila gardien aliingizwa magoli ngapi kwake nyumbani. Ile utaandika, njo nitafuata."

Kila mtu alijua nafasi ile ilikuwa na maana gani. Miezi hiyo wenye bunduki walikuwa wakichukua vijana wenye mabega, wabebe mizigo kwanza, halafu wabebe bunduki. Golikipa wa Pinga alikuwa na mjomba Butembo, mtu wa magari, na angeweza kukimbilia huko wakati wowote. Wa Buleusa hakuwa na mtu. Mama yake alitembea hadi dukani kwangu na kuku mmoja chini ya kwapa.

"Papa, hii kuku si ya kukununua," alisema. "Nimekuletea juu uko mugeni wetu wa siku mingi. Andika tu ile uliona. Mutoto wangu akibakia huku, batamuchukua."

"Usiogope, Mama," nikamjibu. "Nitaandika kweli."

Na nikaandika kweli, ubaya ndio huo. Niliandika kwamba golikipa wa Pinga, katika mechi tisa za nyumbani, aliingizwa mabao mawili tu. Niliandika kwamba golikipa wa Buleusa, katika mechi tisa za nyumbani, hakumaliza hata moja bila kufungwa. Halafu nikaongeza sentensi ambayo hadi leo naijua kwa moyo: "Ligi ya Buleusa iko chini ya ligi ya Pinga, na huyu anafungwa huko huko chini." Kuhusu goli la mgeni sikuandika neno. Mistari miwili ingetosha. Wino ulikuwepo na ukurasa ulikuwa na nafasi.

Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliogopa kocha angecheka desturi za msituni. Si hivyo. Nilitaka Pinga ishinde. Nilitaka mtu wetu afike Goma, ili siku moja mtu wa Goma aseme kwamba Pinga kuna ligi. Nilimtoa mtoto wa mtu kwa ajili ya mabishano ya mbele ya duka, na kuku wa mama yake nilikuwa nimemla.

Wiki ile pikipiki hazikutoka Pinga kwa sababu ya barabara. Kwetu mtu anayesafiri hatoki mikono mitupu, kila anayetembea ndiye posta. Siku ya tatu golikipa wa Buleusa akapita dukani kunisalimia. Alikuwa akienda Mpofi kwa miguu, kwa dada yake aliyeolewa huko, na kutoka Mpofi pikipiki za Masisi na Goma bado zilikuwa zinapita.

"Papa, uko na barua ya kupeleka?" akaniuliza, kama kila msafiri anavyouliza.

Nikampa ile ripoti ya kocha. Ndiyo, nilimpa yeye mwenyewe. Gundi sikuwa nayo, nilikunja tu mdomo wa bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya shati, akasema, "Aksanti sana, Papa." Nilimwangalia akishuka barabara na moyo ukanisuta. Ningeweza kumwita, alikuwa bado karibu. Nikaingia ndani kupanga sabuni.

Golikipa wa Pinga ndiye aliyechukuliwa. Tulimsindikiza kwa nyimbo, na mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Alirudi baada ya miezi michache. Alisema mipira ya Goma ina mwendo mwingine, na kwamba kocha hakumpanga hata mara moja. Sikuandika hilo katika daftari. Daftari lenyewe sikulifungua tena, kwa sababu tayari nilikuwa nimesikia habari za Buleusa.

Nilizisikia nikiwa napima chumvi. Mteja mmoja alisema wenye bunduki walipita Buleusa baada ya mavuno ya maharage, wakaondoka na vijana, na yule golikipa mrefu alikuwa miongoni mwao, na sanduku la risasi kichwani. Niliendelea kupima chumvi. Nikamwongezea mteja yule kijiko kizima, sijui kwa nini, naye akanishukuru.

Kijana alikaa huko zaidi ya mwaka. Aliporudi, vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vilikuwa havikunjiki tena. Hayo nayo niliambiwa, sikwenda kuyaona. Mama yake alipokuja soko la Pinga alinisalimia kwa heshima, lakini bila kusimama, nami nikaanza kuingia stoo kila siku ya soko. Mke wangu alinitazama wee, mwisho akasema, "Weye unamukimbia ule mama. Ulimufanya nini?" Nilikwenda kwa padri nikaungama. Padri alinisikiliza, akanipa sala zangu, kisha akaniambia kwamba dhambi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe yuko Buleusa.

Nikaahirisha safari msimu mmoja mzima. Visingizio havikunikosa: mvua, mzigo, malaria. Hatimaye nikasema nakwenda kununua maharage, nikaenda. Njia nzima nilirudia maneno yangu: nilijua, nikanyamaza, nisamehe. Hayakuwa maneno mengi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akianika maharage kwa mkono mmoja na nusu. Alinipa kiti, akaniletea kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na mama yake akaniitikia kutoka mlangoni alikokuwa akimenya mihogo. Tuliongea habari za mvua. Halafu nikajikaza.

"Nimekuja juu ya ile barua," nikasema.

"Ile ya Goma?" Akatabasamu kidogo. "Niliisoma, Papa. Unisamehe. Mvua ilinipatia mbele ya kufika Mpofi, enveloppe ikafunguka, nikatosha karatasi juu ikauke. Njo nikaona jina ya Buleusa."

Nilihisi kiti kinanichoma. "Uliisoma, na ukaipeleka?"

"Si ulinipa ya kupeleka?"

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayeshangaa swali. Kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Mama alikasirika sana. Alisema Papa wa duka alijua, alifanya kwa kusudi. Miye nikamukatalia. Nikamuambia, ule Papa iko muntu ya Butembo, anauzisha chumvi, mambo ya goli ya mugeni atajulia wapi? Aliandika tu ile macho yake iliona. Hata kule mu pori nilikuwa najiambia vile, napata usingizi. Tangu nirudi, tunabishana na Mama juu ya ile." Akainua uso. "Si ni vile, Papa? Haukujua?"

Mlangoni kisu kilikuwa kimenyamaza. Mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Maneno yangu matatu yalikuwa tayari mdomoni. Mzee aliyenieleza desturi ile alikuwa amekufa ukimbizini, na ukimtoa padri, hakuna mwingine aliyejua kwamba najua. Niliutazama mkono wa kijana uliokuwa juu ya goti, vidole vimenyooka.

"Sikujua," nikasema.

"Unasikia, Mama?" akapaza sauti, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Si nilikuambia?"

Mama akaweka kisu chini. Akaja hadi nilipokaa, akapiga goti moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili iliyolowa maji ya mihogo, na akaniomba msamaha kwa muda wote aliokuwa amenifikiria vibaya.