Kasuku wa Atupele

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikimwona mtu amebeba kasuku. Jana, jirani yangu, uliponionyesha huyo wako mchanga ndani ya boksi, ukaniona nimenyamaza, usidhani nilikudharau. Nilikuwa nimerudi nyuma, kwenye nyumba yetu ya kupanga hapa hapa Sumbawanga, nikiwa mama kijana niliyetoka Mbeya kumfuata mume.

Tulikuwa na watoto wawili, Atupele na mdogo wake. Yule mdogo alifariki kwa surua. Atupele alikuwa na miaka sita, na tangu siku ya mazishi hakutamka neno. Alikula akipewa, alilala akilazwa. Tulimpeleka hospitali, tukamwombea kanisani, wapi.

Mume wangu alikuwa mtumishi wa halmashauri. Safari moja ya kikazi alirudi kutoka Kirando, kule ziwani, na kasuku mchanga, kapewa na familia ya wavuvi iliyomlea ndege huyo. Alitumaini kwamba ndege anayejifunza kusema angemvuta mtoto asiyesema.

Mama mkwe wangu, mkulima wa ulezi kule Mwazye, alikuwa amekuja kututazama. Alimwangalia yule ndege aliyejikunyata pembeni ya tundu, akatuagiza tulitundike kwenye kona ya sebule, mbali na mlango na mbali na moshi, upande mmoja tuufunike kwa kanga apate pa kujificha. Tuseme kwa sauti ya chini, wala mtu asimshike mpaka mwenyewe asogee. Huku kwetu juu si kama ziwani, alisema, baridi ya Ufipa humlaza hata mtu mzima. Kisha akarudi kwake.

Tulimtii siku nne. Atupele alikaa chini ya lile tundu kutwa. Siku ya nne, nikiwa napepeta mchele, nikasikia sauti ndogo nyuma yangu. Alikuwa ameshika punje za ulezi kiganjani, anamwambia ndege, "Kula. Usiogope."

Mwanangu, miezi minane sikuwa nimeisikia sauti ile. Nililia mpaka mchele ukanimwagika. Laiti ningetulia hapo na furaha yangu. Lakini nilitaka watu wote wajue, wale hasa waliokuwa wakinong'ona kwamba mwanangu amerogwa. Jumapili baada ya ibada nikawakaribisha kina mama wa kanisani pamoja na watoto wao. Mume wangu aliniuliza kama si mapema mno. Nikamjibu kwa kiburi cha ujana kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Nikamtoa kasuku tunduni. Akapita mkono kwa mkono, watoto wakimpigia miluzi, wakimtaka aseme. Atupele akanivuta gauni. Akanitazama usoni, akasema nami, mimi mama yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mama, anaogopa. Mrudishe."

Nikamwambia asubiri kidogo, wageni wamwone.

Walipoondoka, ndege alikuwa ametutumua manyoya, anatetemeka, na nje upepo unavuma. Nikalipeleka tundu jikoni, nikaliweka karibu na jiko la mkaa, nikafunga mlango na dirisha ili apate joto, nami nikatoka kuosha vyombo uani. Niliporudi ndege alikuwa amelala sakafuni mwa tundu, amekwisha kufa. Hewa ya mkaa huua watu wazima, sembuse kifua kidogo kile.

Atupele alikuja akatazama. Hakulia. Aligeuka akaenda kukaa kitandani, na hakusema tena.

Mama mkwe alipopata habari alikuja. Nilingoja anifokee, nikajieleza sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiswahili chake cha Kifipa, taratibu, "Mtoto alikuomba, wewe ukawasikiliza wageni."

Ni kweli, baadaye Atupele alianza kusema tena, lakini shuleni, kwa mwalimu wake. Mimi nikabakiwa na salamu. Leo ni mtu mzima, anafanya kazi Matai, si mbali. Hupiga simu: shikamoo mama, unaendeleaje, haya. Nikianza kumwomba radhi huniambia yalishapita, akauliza habari za mvua. Majuto ni mjukuu, husema watu, nami mjukuu huyu nimezeeka naye.

Kwa hiyo, mwanangu, huyo ndege wako mpe kona yenye joto isiyo na upepo. Jikoni asiingie kabisa, iwe ni moshi wa mkaa au mafuta yanayoungua. Parachichi usimpe, kwake ni sumu. Wageni wangoje, hata mwezi. Ndege hajui jembe. Mfundishe mwanao kukaa naye kimya. Na siku mwanao atakapokuambia kwamba kiumbe kinaogopa, acha ulilonalo mkononi umsikilize, kwa maana mtoto anaweza kukuomba hivyo mara moja tu. Mimi niliombwa mara moja.

Nenda salama. Mungu akutunzie wanao, akupe masikio mapema, mimi alinipa nimechelewa.