Nyumba Anayoishi Mzee

Ukinunua luku, umeme wa kulipia kabla, kwa mara ya kwanza katika mwezi, uniti zinakuja pungufu, maana kodi ya jengo inakatwa humo humo. Kwa muda mrefu sikuijali hiyo kodi. Ilikuwa hela ya nyanya na vitunguu, nami nilikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuninyima raha.

Ijumaa moja mume wangu alirudi kutoka msikitini na habari. Mtu aliyefikisha miaka sitini, alisema, anaruhusiwa kuomba asitozwe kodi kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Unajaza fomu, unaambatanisha barua ya mwenyekiti wa kitongoji, nakala ya kitambulisho cha taifa, karatasi ya kiwanja na namba ya mita, unapeleka ofisini. Wakikubali, kodi haikatwi tena. Yeye alikuwa na sitini na mbili. Alitundika kofia yake kwenye msumari, akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ila ni nyumba moja tu. Ile unayoishi."

Nilikuwa nachambua mchele wa Tindiga. Mikono iliendelea kuchambua, lakini kichwani nilibaki na maneno mawili tu. Nyumba moja.

Mume wangu ana wake wawili na nyumba mbili. Mimi niko Kilosa, mwenzangu yuko Mikumi. Nilimpata alipokuwa kijana wa reli, mimi nikiwa binti wa mtu aliyeletwa kukata mkonge, na nyumba ya Kilosa tuliijenga wote, nikichota maji ya tope kwa ndoo kichwani. Reli ilipompunguza kazini alikwenda Mikumi kufungua kibanda cha misumari na mabati, na kabla kibanda hakijapata mlango wa pili alikuwa ameshaoa. Huyo mke ni mtoto wa wakata miwa wa Ruhembe. Sasa hivi ana miaka arobaini na kitu na goti linamsumbua, lakini mimi namwita yule binti hadi leo, na sina mpango wa kuacha.

Mzee anakaa kwa zamu, wiki kwangu, wiki kwake, anahama Jumamosi. Hiyo ndiyo sheria. Lakini sheria hiyo ina matundu. Mara barabara imekatika, mara mzigo wa mabati umechelewa kushushwa, mara yule binti ana homa, na Jumamosi inageuka Jumatatu. Kwa hiyo nilikuwa na kalenda ukutani, jikoni, ile wanayogawa bure kwenye duka la mbegu na mbolea. Siku aliyolala kwangu naizungushia duara. Siku aliyolala Mikumi naikata kwa msalaba. Siku ya zamu yangu aliyolala Mikumi naikata kwa msalaba mara mbili, nabonyeza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Sitaki kujipamba. Nilikuwa na wivu, na wivu wangu haukuwa wa kuona haya. Nikisikia yule binti kapaka nyumba rangi, siku hiyo hiyo naanza kusugua kuta zangu. Nikimfulia mzee shati na kukuta kifungo kimeshonwa kwa uzi usio wangu, nakifumua nakishona upya.

Basi nikaamua kwamba nyumba anayoishi mume wangu ni ya Kilosa, na serikali itaandika hivyo. Kodi yenyewe ingeweza kuendelea kukatwa mpaka siku ya kiama. Nilichotaka ni ile karatasi iliyogongwa muhuri, iseme kwamba mzee huyu anaishi hapa, na kule anatembea tu.

Mzee alipokwenda Mikumi Jumamosi iliyofuata, nilisubiri mpaka Jumatatu, nikavaa kitenge kizuri, nikaing'oa kalenda ukutani pamoja na ya mwaka uliopita niliyokuwa nimeihifadhi, nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ni fundi seremala, tumekua pamoja. Nilimkuta anapiga randa mlango wa mtu. Nikamweleza nataka barua ya kuthibitisha makazi ya mume wangu, na ushahidi ninao.

Aliipangusa mikono vumbi la mbao, akavaa miwani, akatandaza kalenda zangu juu ya ule mlango. Nikamfafanulia duara na msalaba. Akaanza kupitisha kidole mwezi kwa mwezi, midomo inacheza. Mimi nimesimama pale najiona nimeshinda kesi.

"Dada," alisema mwishowe, akivua miwani, "kwa kalenda yako hii, mzee anaishi Mikumi."

Nikamwambia hajui kuhesabu. Akahesabu tena, nami nikahesabu naye, na tulipofika mwezi wa tatu ndipo nilipoona nilichokifanya. Miaka yote nilikuwa napanga misalaba ili siku moja nimwoneshe mume wangu alivyonidhulumu. Sasa nilikuwa nimembebea mwenyekiti ushahidi huo huo, kwa mikono yangu, nikiwa nimejifunga kitenge cha sherehe. Misalaba ilikuwa mingi kuliko maduara, na siyo kwa kidogo.

"Na hata ingekuwa vinginevyo," akasema kwa upole ulioniudhi zaidi, "mwenyewe lazima aje. Aje na karatasi ya kiwanja."

Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku la mzee la chuma. Mlikuwa na beji yake ya reli, vyeti vya shule vya watoto, risiti za mabati. Karatasi ya kiwanja haikuwamo. Nikavuta godoro, nikashusha mabegi juu ya kabati. Haikuwamo popote. Mtu anayechukua karatasi za nyumba yako kuzipeleka kwa mke mdogo, unajua anafikiri nini.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi kwenda Mikumi. Hilo kwetu halifanyiki. Mke haendi kwa mwenzake katika zamu ya mwenzake, labda kuna msiba. Tangu aolewe nilikuwa nimefika pale mara mbili tu, mara zote mbili na kanga ya kufiwa. Yule binti aliponiona nashuka barabarani aliweka chini beseni la nguo, akashika kifua.

"Shikamoo dada. Nani amefariki?"

"Marahaba. Hajafa mtu. Yuko wapi?"

Alikuwa barazani, miguu ndani ya karai la maji, anasikiliza redio. Redio yangu, ile aliyosema imeharibika. Alinitazama bila kushtuka, na hilo nalo likaniudhi.

"Karibu mama watoto. Kaa kwanza unywe chai."

"Sijaja kunywa chai. Fomu ya kodi umejaza ya nyumba ipi?"

"Ya hapa," alisema. "Nimepeleka jana. Mwenyekiti wa hapa kaniandikia barua."

Hakunificha hata kwa adabu. Nikakaa kwenye kigoda nilichokuwa nimeapa kutokikalia. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo. Nikamkumbusha mwaka ambao mto Mkondoa ulifurika, asubuhi ile maji yalivyoingia mpaka usawa wa dirisha, nami na watoto tukipandisha magodoro juu ya kabati na kufunga mlango kwa kamba usichukuliwe, yeye akiwa hapa hapa, zamu ya hapa. Nikamwambia alifika siku ya nne, akasimama mlangoni akitazama alama ya tope ukutani. Nikamuuliza kama nyumba ile haikuwa yake siku nilipoiokoa, ni lini itakuwa yake.

Alitoa miguu kwenye maji, akaifuta taratibu, akaingia ndani. Alirudi na bahasha ya kaki.

"Si yangu tangu siku hizo," alisema. "Soma."

Ilikuwa karatasi ya kiwanja cha Kilosa. Jina lililoandikwa lilikuwa langu, jina langu kamili, na picha yangu ndogo imebanwa pembeni, nimenuna kama kawaida. Nikakumbuka karatasi alizonisainisha baada ya mafuriko. Nilidhani ni za kuomba mabati.

"Nyumba uliyoipigania peke yako niliona haya kuiita yangu," alisema. "Sasa nitaombaje nisitozwe kodi kwa nyumba ya mtu? Ninayo nyumba hii tu, na karatasi yako nimeibeba kuwaonesha hivyo. Wewe ukifika sitini utaiombea ya kwako mwenyewe."

Yule binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa amesikia kila neno, na ilikuwa wazi kwamba naye ndiyo kwanza anasikia. Aliitazama ile bahasha magotini kwangu. Niliujua ule uso. Nimeuona miaka mingi kwenye kioo changu. Yeye alikuwa na mume aliyeandikwa anaishi kwake, ndani ya nyumba ambayo mume akifumba macho wanangu wangekuja kudai sehemu yao. Mimi nilikuwa na nyumba. Akaweka sinia chini, vikombe vikagongana, akarudi kwenye nguo zake bila kunikaribisha sukari.

Ungetegemea nirudi Kilosa nimetulia. Sikutulia. Nililala nyumba yangu mwenyewe, kuta zangu, mita yangu, nikamwonea wivu kwa ile barua ya mwenyekiti wa Mikumi. Ukipewa nyumba unashukuru, nami nilishukuru. Lakini nilitaka na ile barua.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kule Mikumi kodi haikatwi, kwangu inakatwa, na kila mwezi ule ujumbe wa luku ukiingia nilisoma uniti kwa sauti ili mzee asikie.

Nilipotimiza sitini nilikusanya karatasi zangu. Ilikuwa wiki yangu, kwa hiyo mzee alinisindikiza ofisini. Nilimwacha kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, amepakata mkoba wangu na mwavuli. Ndani nilimkuta afisa kijana, akanipa shikamoo safi, akaipokea ile bahasha ya kaki.

"Nyumba ni yako mama, na unaishi humo?"

"Ni yangu. Naishi humo."

"Hujapangisha chumba?"

"Sijapangisha."

"Unaishi na nani?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikageuka dirishani. Kofia ya mzee ilikuwa inaonekana, imetulia, kumaanisha anasikiliza.

"Peke yangu," nilisema.

Afisa naye akachungulia nje. "Na yule mzee aliyebeba mkoba wako?"

"Ni mgeni. Nyumbani kwake ni Mikumi. Ukitafuta humo kwenye mafaili yako utakuta."

Akaandika, akanukuu namba ya mita, akaniambia nisubiri ujumbe. Nilitoka nje. Mzee alinipa mkoba bila kunitazama, akafungua mwavuli ingawa jua lilikuwa la kawaida, akanishikia. Tulitembea mpaka darajani. Maji ya Mkondoa yalikuwa machache siku ile, watoto wanavuka kwa miguu.

"Mgeni wako," alisema, "anaruhusiwa kukaa wiki moja zaidi?"

Wiki hiyo ilikuwa ya Mikumi. Nilijua Jumamosi yule binti atapika mapema, ataoga, atakaa barazani akihesabu mabasi, na basi la mwisho likipita ataingia ndani akifunike kile chakula kwa sahani. Nilijua mpaka sahani atakayotumia. Nimelifanya hilo zaidi ya anavyoweza kulifanya yeye.

Nikamwambia abaki.