Sharti la Mchawi wa Darajani

Mawese mabichi yakiwekwa jikoni, kabla hayajapata moto sawasawa, hutoa harufu nzito, kama ya udongo uliolowa uliochanganywa na karanga. Wengi huikwepa kwa sababu inashika nguo. Mimi nikiinusa, popote nilipo, na nimefika kwingi, sikumbuki chakula. Nakumbuka kitabu.

Kilikuwa kitabu cha katuni, cha Kifaransa, hakina jalada, na kimelowa mawese toka mwanzo mpaka mwisho. Kilivuka ziwa ndani ya fuko moja na dumu lililovuja. Mafuta yaliifanya karatasi ing'ae, hata ukitazama picha ya ukurasa huu unaiona kwa mbali na ile ya ukurasa unaofuata, imegeuka nyuma mbele. Sisi watoto wa Ujiji tulidhani ndivyo vitabu vya Kongo vinavyotengenezwa, msomaji asome ya leo huku akichungulia ya kesho.

Ilikuwa miaka ile vita vya ng'ambo vilipokuwa vinawasukuma watu ziwani. Kila wiki mitumbwi ilishusha watu wenye mafurushi, na baadhi yao, badala ya kupelekwa kambini, walipata chumba kwa jamaa au kwa mtu mwenye huruma. Mama yangu alimpa chumba cha uani mwanamke mmoja Mbembe kutoka Baraka ya ng'ambo, mjane, pamoja na binti yake aliyeitwa Riziki. Riziki alikuwa rika langu, miguu mirefu, macho hayatulii. Kitabu kilikuwa chake, na katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyejua Kifaransa.

Mchana, jua likihama ukutani, tulikaa kwenye kibaraza cha mbele, karibu na Mzee Bakari, fundi baiskeli aliyekuwa amepanga vyuma vyake pale. Riziki alifungua kitabu juu ya mapaja akatusomea kwa Kiswahili cha kwao.

"Huyu muntu iko na nguvu mingi," alisema, akigusa picha ya bwana mmoja mrefu mwenye nguo za kijani za kubana, anaelea juu ya mapaa. "Ni mchawi. Lakini kila mara anafanya dawa, lazima atoe kintu yake."

"Kintu!" Jumanne wa jirani alipasuka kucheka. "Kintu mingi!"

"Basi soma wewe," Riziki alimwambia, akamsukumia kitabu. Jumanne alikitazama juu, akakitazama chini, akakirudisha kwa adabu zote. Tangu siku hiyo kicheko kilipungua.

Bwana yule wa kijani alikuwa akiokoa mji wake, lakini hakuokoa bure. Alizima moto wa soko kwa kiganja, akatoa ladha ya ulimi. Toka hapo kila alichokula kilikuwa kama majivu. Akainua nyumba iliyoangukia watu, akatoa usingizi wake. Akamfukuza jitu la chuma, akatoa kivuli. Kila ukurasa alizidi kuwa shujaa na kuzidi kupungukiwa, na kila ukurasa sisi wasomaji tulizidi kugombana.

Jumanne alikuwa wa kwanza kupinga. Kwanza, alisema, huyo si mchawi. Mchawi anaroga. Anayesaidia watu ni mganga. Pili, tangu lini mganga akalipa mwenyewe? Mganga analipwa! Unampelekea kuku, unampelekea kitambaa. "Huyu mjinga," alihitimisha. "Kama ni wa hapa Ujiji angekuwa na nyumba ya bati."

Mzee Bakari hakuwahi kusema anasikiliza. Alikuwa ameinamia tairi, lakini maoni yake yalitoka vile vile. "Hakuna dawa isiyo na masharti," alisema. "Kaka yangu alitibiwa mgongo, akaambiwa asile migebuka mwaka mzima. Harusini akasema, samaki sili, ila mchuzi si samaki. Aliharisha mpaka bibi harusi akafikishwa kwa mumewe."

"Na mgongo?" niliuliza, maana mimi nilikuwa msichana wa kuuliza. Mama alizoea kusema kwamba masikio yangu yalitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata.

"Mgongo ulipona. Lakini kila akiinama anakumbuka mchuzi."

Ndivyo tulivyosoma. Ukurasa mmoja uliweza kutuchukua mchana mzima, kwa sababu Riziki alisoma mara moja na sisi tukabishana mara kumi. Mama yake hakuja barazani. Alikuwa nyuma ya ukuta, uani, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo sisi tunayoyaita kisamvu, na mchi wake ulikuwa kama saa ya nyumba. Alikuwa mpole, mwenye salamu fupi. Nilimwogopa kidogo, kwa sababu sikuwahi kumwona anacheka wala analia.

Siku moja zikaenea habari kwamba wale wanaotafuta waliopotea vitani wamefika Gungu, mwendo wa miguu kutoka kwetu, wametandaza turubai na meza. Unakwenda, unasema jina la ndugu yako, nao wanalipeleka kambi zote. Mama Riziki alijifunga kitenge chake kizuri, akamchukua binti yake, wakaondoka alfajiri. Walirudi mapema mno. Mama Riziki alivua kitenge, akachukua mchi. Riziki alinivuta nyuma ya choo, akanieleza kile ambacho mimi na masikio yangu yote sikuwa nimekisikia.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Siku waliyokimbia, ufukweni watu walikanyagana, na jirani mmoja akamnyakua mtoto akampandisha mtumbwi mwingine. Mitumbwi ikatengana. Katikati ya maji upepo ukachafuka, mawimbi yakaanza kuingia ndani. Watu wa ziwa letu wanajua la kufanya hapo: ziwa linapewa kitu. Mwenye mtumbwi alipaza sauti kila mtu atoe. Wakatupa unga, shanga, mmoja akatupa kiatu. Mama yake Riziki alikuwa na dumu la mawese peke yake, nalo lilikuwa chakula cha mtoto aliyebaki. Akasema kwa sauti, wote wakasikia: "Nakupa kinywa changu. Jina la mwanangu sitalitaja mpaka nimwone kwa macho. Chukua hilo, yeye niachie."

Upepo ukatulia. Au ulikuwa unatulia tayari, sijui. Mimi sikuwemo.

"Kule Gungu," Riziki alisema, "yule muntu aliuliza, mama, mtoto anaitwa nani? Mama akanyamaza. Akauliza tena. Mama akanyamaza. Akasema, bila jina mi siwezi. Tukasimama."

"Kwa nini hukusema wewe?"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aweke mkono motoni. "Nikisema, ziwa itamubeba."

Wale watu, alisema, walikuwa wanakunja turubai keshokutwa yake, wanaelekea mbali.

Mchana ule ule tukakaa barazani kama kawaida, kwa kuwa watoto hawajui pengine pa kupeleka huzuni. Kitabu kilikuwa kinakaribia mwisho, au tuseme kinakaribia pale kilipochanika. Mafuriko yalikuwa yanakuja kumeza mji. Bwana wa kijani akayasimamisha kwa mikono miwili, na safari hii alichotoa kilikuwa hatua zake: hatavuka tena daraja la mji huo mpaka kufa. Akaapa, maji yakasimama. Riziki akafunua ukurasa wa mwisho. Ng'ambo ya daraja kulikuwa na watoto juu ya paa, wanapunga mikono waokolewe. Bwana amesimama huku, ncha za viatu vyake zimegusa ubao wa kwanza. Pembeni yake yuko dada yake, msichana mwenye gauni la njano, ameinua mguu. Hapo ndipo kitabu kilipoishia.

"Avuke dada!" nilipiga kelele.

"Wewe nawe," alisema Jumanne. "Sharti la mganga ni la nyumba nzima. Baba akiambiwa asile bata, mama anapika bata? Dada akivuka maji yanarudi, wote wanakufa, mchezo umekwisha."

"Mganga hajigangi," Mzee Bakari alisema, akipuliza vumbi kwenye mnyororo. "Ndiyo maana amewekwa dada pale. Aliyechora si mpumbavu."

"Mzee, na mchuzi wa kaka yako?" Jumanne alimwuliza.

"Mchuzi alikunywa yeye! Alikunywa dada yake?"

Tukashikana maneno. Riziki alikuwa na kidole juu ya gauni la njano, analisugua mpaka mafuta yakaacha alama. Sikugundua mara moja kwamba kule uani mchi ulikuwa umenyamaza. Ndipo sauti ya Mama Riziki ikavuka ukuta, taratibu, kama ya mtu anayeulizia chumvi.

"Yule bwana alifunga miguu yake. Miguu ya dada hakuifunga. Nani alimwambia dada asimame?"

 Tulishangaa kwamba alikuwa anafuatilia kitabu siku zote hizo. Mzee Bakari aliinua kichwa kutoka kwenye mnyororo, akautazama ukuta. Mchi ukaanza tena.

Riziki alifunga kitabu. "Kesho unanifikisha Gungu," aliniambia. Hakuuliza.

Asubuhi nilivaa sare ya shule ili nisiulizwe, tukatoka pamoja kama ananisindikiza shule, tukashika barabara.  Kila ziwa lilipoonekana kati ya nyumba Riziki aligeuza uso upande wa pili, kama mtu anayempita mdai wake. Nilimwambia tunaweza kurudi. Alisema, "Wewe rudi," akaongeza mwendo, nami nikalazimika kukimbia nyuma yake.

Chini ya turubai alikaa kijana mmoja mwenye miwani, mgeni wa huku, lafudhi yake ya kaskazini. Watu walikuwa wengi. Zamu yetu ilipofika alitazama juu ya vichwa vyetu akimtafuta mkubwa.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Mzazi yuko wapi?"

"Mama iko nyumbani," Riziki alisema.

"Mwambieni aje mwenyewe, mdogo wangu. Watoto siwaandikishi."

"Alikuja. Ulimwambia bila jina huwezi. Mi nimeleta jina."

Kijana alivua miwani. Nadhani alimkumbuka, maana aliivaa tena polepole, akachukua kalamu. "Haya. Liseme."

Hapo Riziki akakwama. Midomo ilifunguka, ikafungika. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama samaki. Nyuma yetu watu walianza kunung'unika. Mwanamama mmoja akasema, jamani, wengine tuna wagonjwa. Na Riziki, ambaye njia nzima hakutaka kulitazama ziwa, aligeuka akalitazama, likiwaka kule chini kwa jua la saa nne. Akalisemea lenyewe, si yule kijana.

"Wilondja."

Tulingoja. Msinicheke, tulingoja kweli. Mbuzi alilia mahali fulani. Ziwa likabaki pale lilipo.

"Wilondja wa nani?" aliuliza kijana, na kuanzia hapo Riziki hakushikika. Alitaja baba, babu, kijiji, jirani aliyemnyakua, pengo la mbele, na kwamba hulala kidole kikiwa sikioni. Kijana alisema kidole cha sikioni hakina nafasi ya kuandikwa. Riziki akamwambia atafute nafasi. Akaitafuta.

Tuliporudi nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Mama Riziki alikuwa jikoni. Hakuuliza tulikotoka, wala kwa nini miguu yetu ina vumbi jekundu mpaka magotini. Alimmegea binti yake ugali mkubwa kuliko wake mwenyewe, akanimegea na mimi. Nilijiona mjanja: tumemwasi, na hajajua.

Mvua zilikuwa zimeanza gari la wale watu wa turubai lilipokuja. Alishuka mtoto mwenye suruali ya kukunjwa, ametoka kambi moja ya upande wa Kasulu, akasimama akitutazama mmoja mmoja kama mtu anayehesabu maadui. Mama yake alitoka uani na unga mikononi. Alimtazama muda mrefu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka kama kikohozi. Mara ya tatu mtaa mzima ulisikia, na haukuacha kusikia. Wilondja, njoo. Wilondja, leta kiti. Wilondja, rudisha kiti. Alimwita hata akiwa mbele yake anakula. Mpaka jioni Mzee Bakari alikuwa anasema, "Wilondja, nipe spana," na mtoto hajawahi kuigusa spana.

Mwaka uliofuata waliondoka, nami muda si mrefu nikaiacha shule. Nilikwenda Ilagala kukausha dagaa, nikaenda Mpanda, nikavuka ng'ambo, nikakaa Kalemie. Huko nilikaa na bibi mmoja wa ufukweni, nikamwuliza habari za kulipa ziwa, kama ninavyouliza kila kitu. Alinieleza kwamba aliyetoa kinywa chake hawezi kumtuma mtu akasemee. Kutuma ni kusema. Akimwambia mwanawe "nenda ukalitaje", sharti limekwisha kuvunjika, sawasawa na kama amelitaja mwenyewe. Hata kukonyeza hakuruhusiwi.

"Sasa afanye nini?" nilimwuliza.

"Akae," alisema bibi. "Aombe wenye miguu wawe na akili."

Nilibaki nimeshika kikapu cha dagaa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiisimulia safari ya Gungu, kwenye mitumbwi na mabehewa, kama kisa cha wasichana wawili wakaidi waliomzunguka mama mtu mzima. Kumbe yule mama alikuwa amekaa nyuma ya ukuta na mchi wake, anasikiliza watoto wakigombania picha za Kifaransa, ukurasa hadi ukurasa, akitafuta pahali ambapo mtu aliyefungwa anaweza kusema neno bila kusema. Lilipofika daraja, akasimamisha mchi. Hakutuma mtu. Alitoa maoni yake juu ya kitabu, kama msomaji yeyote, kisha akaendelea kutwanga, bila kujua kama binti yake ameelewa.