Mfuko wa Mwenyekiti

Waceke, muuza mitumba wa Mamboleo, ni mtu wa ufagio. Hufagia hata mbele ya kibanda cha jirani, na ukithubutu kutema mate hapo atakupasha mpaka ujute.

Jumamosi kikundi chao cha akina mama kilikodi mitumbwi na kayaki kuteremka mto mpaka ziwani. Lo, mto gani ule! Kila Waceke alipopiga kafi, kafi liliibuka na nepi au utumbo wa kuku. Akaziba pua kwa leso. Rachael, mwenyekiti wao, aliyeketi mbele yake mtumbwini, alilaani njia nzima: "Watu wa hapa ni nguruwe!"

Walitua ukingoni wakala samaki. Walipomaliza, Rachael akakusanya miiba, chupa na sahani za plastiki katika mfuko, akaufunga vizuri, akautupa mtoni.

"Mto itabeba," alisema, akarudi kukaa mtumbwini.

Waceke akaingia majini mpaka magotini, akauopoa mfuko unaochuruzika, akautua mapajani mwa mwenyekiti, juu ya sare mpya ya kikundi.

"Mto imechoka, Mama. Beba wewe."